Siku Mama Mkwe Alipoingia Majini

Naomba mnicheke nikimaliza, si sasa, kwa sababu mkianza sasa hatutafika mwisho, na ni ule mwisho ndio umenifanya nikubali kuisimulia aibu hii mbele ya watu. Wacha nianze na sehemu mbaya kabisa ili tuitoe njiani: mama mkwe wangu, yule aliyemzaa mke wangu, ameniona nikiwa sina suruali. Si kwa mbali, na si ati mlango ulisukumwa na upepo. Ameniona mchana kweupe, nimelala kifudifudi juu ya mwamba katikati ya mto, chupi yangu ikiangalia mbinguni (ilikuwa ya rangi ya machungwa, mke wangu ndiye hununua, msiniulize).

Kwa wale wasiotujua sisi watu wa Bungoma, huenda hapo mmesema, sasa hiyo ni nini, si mzazi tu? Ngojeni kwanza. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawashikani hata mkono. Hawali meza moja, hawalali chini ya paa moja, na kama kuna jambo la kuambiana, linapitia kwa mtu wa tatu, hata kama yuko pale pale na anakusikia mpaka unavyopumua. Vijana wa mjini husema hayo ni ya kizamani. Mimi nayapenda, kusema kweli. Jirani yangu mmoja wa kabila lingine hupigiwa simu na mama mkwe wake kila Jumapili na kugombezwa moja kwa moja, na mimi hapa sijawahi kugombezwa hata siku moja, kwa sababu yule mama hawezi kunisemesha. Hiyo heshima ilinifaa kwa miaka mingi, mpaka nikaipeleka mtoni mwenyewe.

Mimi naitwa Barasa, nauza viatu vya mitumba Kitale, na ningebaki na viatu vyangu kama si rafiki mmoja aliyenichukua siku moja upande wa Pokot kuona watu wanavyotafuta dhahabu. Huko nilifundishwa siri ambayo iliniharibu akili. Dhahabu, walinieleza, ni nzito kuliko mchanga wote, kwa hivyo maji yakishuka na mafuriko, vitu vyepesi vinaenda zake Ziwa Turkana, lakini dhahabu inashuka chini, inatambaa juu ya mwamba, ikipata ufa inaingia mle na kutulia kama mgeni aliyepata kiti. Wewe unakuja na kijiko, unakwangua ule ufa mpaka chini, unatia mchanga kwenye karai na kuuzungusha na maji. Nilikwangua kutwa nzima nikapata punje kama jicho la siafu, ikanitoka kidoleni nikipiga chafya. Lakini nilirudi Kitale nikiwa profesa. Tangu siku hiyo sikupita korongo bila kuchungulia. Mvua ikinyesha wenzangu wanafunika viatu, mimi nimeinama kwenye mtaro. Mke wangu Nafula aliwahi kunivuta shati mbele ya wateja akiniambia, "Baba Brayo, aki toka hapo, hiyo ni maji ya choo."

Sasa siku yenyewe. Tuliitwa nyumbani kwa kina Nafula, upande wa Misikhu, kwa maombi ya shukrani. Mama mkwe alikuwa amesumbuliwa na macho kwa muda mrefu, ukungu umeyafunika yote mawili, amefikia hatua ya kumsalimia ndama akidhani ni jirani, halafu akafanyiwa upasuaji na Mungu akajalia akaanza kuona tena. Familia ikasema lazima tushukuru. Tenti ikapigwa, ng'ombe akachinjwa, pasta akaalikwa pamoja na kipaza sauti chake (huwa hakitumii, humeza). Daktari alikuwa amempa yule mama masharti: asiiname kwa kazi nzito, asikae kwenye moshi, na zaidi ya yote asiruhusu maji machafu yamguse machoni, kwa sababu vidonda vya ndani bado ni vibichi na anaweza kuyapoteza kabisa. Hilo liwekeni akilini.

Wakwe tulikuwa wawili. Yule aliyeoa dada yake Nafula alifika na tangi la maji, tangi zima, jeusi, limefungwa juu ya pikapu, wamama wakalipokea kwa vigelegele na kulizunguka wakiligonga-gonga kama wanaonunua tikiti maji. Mimi nilifika na thermos. Ilikuwa thermos nzuri, ina maua. Mtu mmoja akaipokea kwa mikono miwili akasema asante sana, akaiweka mahali, na sijaiona tena mpaka leo.

Kwa hivyo nilipopewa kiti kwenye kona ya wakwe, nilikaa nikiumia kiume. Chakula kilikuwa bado, maombi yalikuwa bado, na mkwe mwenzangu alikuwa anaeleza kila mtu jinsi tangi linavyofungwa. Nikainamisha kichwa, na ndipo nikaona kiatu changu. Tulipokuwa tunakuja tulikuwa tumevuka kijito kilicho chini ya shamba, na ule mchanga uliokuwa umekauka kwenye soli ulikuwa unameta. Nikaufikicha. Ukameta zaidi. Bana, moyo wangu uliruka. Nikajiambia, Barasa, watu hawa wameketi juu ya utajiri wakililia tangi! Hebu fikirini nikirudi pale kabla ya chakula na kijichupa, nimwambie baba mkwe mbele ya watu wote, mzee, hii imetoka kwa mto wako. Nani angelitaja tangi tena?

Nikainuka kama mtu anayeenda haja. Nyuma ya jikoni kulikuwa na karai safi limeegemezwa ukutani na kijiko kikubwa ndani yake, nikavichukua (mkwe kuvichukua vyombo vya jikoni kwa wakwe ni kosa tayari, lakini nilikuwa nimeshalewa mawazo), nikateremka.

Kile kijito kinapita juu ya mwamba mpana, na mwamba una nyufa zilizokwenda kama mistari ya kiganja. Profesa nilipoziona niliguna peke yangu. Maji yalikuwa ya kifundoni. Nilikuwa nimevaa suti yangu ya pekee, ile ya kijivu, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo uliozaa mengine yote: niliona nikipiga magoti nitailowesha suruali, na nikirudi na magoti ya maji watu watauliza. Kwa hivyo nikaivua. Nikaikunja vizuri kwa mstari wake wa pasi, nikailaza juu ya jiwe na koti juu yake, viatu pembeni, na mimi nikabaki na shati, tai, na hiyo rangi ya machungwa niliyowaambia.

Nilikwangua ufa wa kwanza, mchanga ukameta. Wa pili, ukameta. Wa tatu ulikuwa mrefu, kijiko hakikufika chini, nikalala juu ya mwamba nikaingiza mkono wa kushoto mpaka begani, shavu likigusa jiwe, na kule chini kabisa vidole vyangu vikapapasa kokoto zilizojaa tele. Nikazikamata konzi nzima. Nikavuta, mkono ukakataa. Nikavuta tena, ukakataa kwa maumivu. Saa yangu ya mkononi, yenye mkanda wa chuma, ilikuwa imejipinda ikanasa kwenye jino la mwamba huko ndani, na kila nilipovuta ilizidi kuuma nyama.

Mwanzoni sikuogopa. Nilijiambia nitulie, mkono utulie, tutatoka wote. Kutoka juu kwenye tenti nilisikia kwaya imeanza, na ngoma, na vigelegele. Halafu nikaona kitu. Maji yaliyokuwa meupe yalikuwa yamebadilika rangi, yakawa ya chai ya maziwa, na majani na vijiti vilikuwa vinapita mbele ya pua yangu. Nilinyanyua kichwa nikautazama Mlima Elgon, sikuuona. Ulikuwa umefunikwa na mvua nyeusi. Kwetu jua lilikuwa linawaka, lakini mtu yeyote aliyekulia huku anajua kijito hakingoji mvua ya kwake, kinaletewa ya wenzake.

Hapo nililia. "Uuwi! Saidia! Nakufa mimi!" Nilipiga kelele mpaka sauti ikakwaruza, na kule juu kwaya ikaongeza sauti, nafikiri walidhani nimepata roho.

Walionisikia walikuwa wamama. Matumbo ya yule ng'ombe yalikuwa yanaletwa mtoni kuoshwa (lile tangi halikuwa na maji bado, lilikuwa linasubiri mvua), na wakaja wakiongea wakicheka, beseni kichwani, huku wakilalamika kwamba kuna mwizi amechukua karai. Walipotokea kwenye ukingo walininyamazia. Halafu kwa pamoja, kama askari wa gwaride, waligeuka wakanipa mgongo.

Alikuwa mama mkwe mwenyewe, aliyekataa kukaa kitini kama mgeni wa heshima na kuwafuata wenzake tu ili apate upepo. Alikuwa mdogo wake kutoka Naitiri. Walikuwa wake wawili wa ndugu za baba mkwe. Kwa hesabu ya kwetu, hao wote ni mama zangu wa ukweni, hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kunigusa, na hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kuangalia kile kilichokuwa kinaangalia mbinguni. Miezi michache tu nyuma mama mkwe angenipita akidhani mimi ni gogo. Sasa alikuwa ametengenezwa macho, na kitu kikubwa cha kwanza alichokiona nayo ni mimi.

Wa tano tu ndiye hakugeuka. Huyo alikuwa Kukhu, yaani bibi, mama yake baba mkwe, ajuza wa fimbo asiyeogopa mtu. Bibi na mume wa mjukuu wana ruhusa ya kutaniana, mimi huniita bwana yake. Alikaa juu ya nyasi kwenye ukingo akanitazama kuanzia kisiginoni, bila haraka.

"Huyu ni Barasa," akawatangazia. "Harafu miguu yake ni myembamba, sikujua. Suti inadanganya sana."

"Kukhu," mama mkwe akasema, mgongo bado kwangu, "hebu uliza huyo mtu anafanya nini hapo."

"Bwana yangu, unaulizwa unafanya nini hapo."

"Mkono umenasa!" nikalia. "Mwambie mkono umenasa kwa jiwe na maji yanapanda!"

"Anasema mkono umenasa."

"Nimesikia. Muulize huko ndani ameshika nini."

"Unaulizwa umeshika nini."

"Mwambie sijashika kitu."

Kukhu akanitazama. "Anasema hajashika kitu. Anadanganya. Naona bega limekaza."

"Mwambie aachilie."

Sasa jamani, hapa naomba msamaha wenu kabla sijasema. Maji yalikuwa yameshafika kwenye kidevu, nilikuwa nimeinua shingo kama kobe, na bado nilifikiria tangi. Nilifikiria kwamba nikifungua vidole zile kokoto zitaenda. Nikahesabu hasara, mtu wa kufa! Ndipo wimbi dogo likanipiga mdomoni nikalimeza na mchanga wake, na mkono ukafunguka wenyewe. Nikavuta. Bado. Ilikuwa saa, na nyama ilikuwa imevimba kuizunguka.

"Mwambie nimeachilia! Ni saa imenasa!"

Mdogo wake mama mkwe alikuwa ameshatupa beseni na kukimbilia juu kwenye tenti kuita wanaume. Tukamsikia akipiga kelele, halafu tukasikia pasta akisema Ameni kwenye kipaza sauti, halafu ngoma ikamfunika. Kukhu akatikisa kichwa. "Wanaume watafika akiwa samaki huyu."

Hakuna aliyecheka. Wale wengine walianza kulia kwa sauti ndogo, migongo bado imegeuzwa, mmoja akisema "Wele, Wele," akimwita Mungu. Mimi niliangalia mgongo wa mama mkwe. Gauni lake la sherehe lilikuwa la bluu, na leso mpya imefungwa kiunoni. Nilijua ninachotaka kumwomba, na nilijua sina mdomo wa kumwomba. Si kwa sababu ya maji tu.

Mama mkwe akarudi nyuma hatua moja, mgongo bado kwangu. Halafu akasema, "Kukhu, uangalie vizuri. Wazee watauliza, wewe ndiye utawaambia nilifanya nini na kwa nini."

"Naangalia," akasema Kukhu, na safari hii sauti yake haikuwa na utani.

Akafungua leso kiunoni. Akatembea kinyumenyume mpaka majini, bila kugeuka, akarusha leso nyuma yake, ikanifunika kuanzia kiunoni mpaka magotini kana kwamba alikuwa amefanya mazoezi. Alipojua nimefunikwa ndipo akageuka. Alichukua kwenye beseni mafuta ya utumbo wa ng'ombe, yale meupe yanayoteleza, konzi mbili, akapiga magoti karibu yangu ndani ya maji ya kahawia, na akasema neno la kwanza ambalo mama mkwe wangu amewahi kuniambia tangu nimuoe binti yake.

"Tulia."

Nikatulia. Akanipaka yale mafuta begani, kwenye kiwiko, akayasukuma ndani ya ufa, mkono wake mwembamba ukafuata wangu kuteremka, bega lake kwenye bega langu. Nilikuwa nanuka matumbo na yeye ananuka sabuni ya kanisani. "Usivute," akasema. "Ukivuta unajinyonga." Vidole vyake vikafika kwenye saa vikaanza kutafuta kifungo cha mkanda, lakini hakufika vizuri, akasogea, akainama zaidi, na nikaona uso wake unakaribia maji.

"Mama, macho!" Nilipiga kelele, na niliongea naye moja kwa moja, mila zote zikiwa zimeshaenda na mto. "Daktari alikataza! Mama, macho!"

 Akayafunga kwa nguvu na kuingiza uso wake wote kwenye yale maji machafu.

Mimi pia yakanifunika. Sitaki kusema niliona nini humo ndani, kwa sababu sikuona kitu, nilisikia tu vidole vya yule mama vikihangaika kwenye kifundo cha mkono wangu, vikibonyeza, vikiteleza, vikirudi, na nikasema moyoni basi, akishindwa aondoke, Mungu mwambie aondoke. Halafu saa ikafunguka. Mkono ukatoka na mafuta yake kama ndama anayezaliwa, na wote wawili tukaanguka nyuma, wale wake wa ndugu za mzee wakasahau migongo yao, wakaingia wakatuburuta ukingoni.

Nilikohoa mchanga. Mama mkwe alikuwa ameketi mbali kidogo, uso umegeuzwa, maji ya matope yanamtoka kwenye kope, na Kukhu alikuwa anamfuta kwa pindo la nguo yake kavu akimwambia asifikiche, asifikiche. Nikataka kusema asante. Yeye alikuwa ameshanigeuzia mgongo, mila imerudi, na sikuwa tena nina njia ya kumfikia. Nilimwambia Kukhu, "Mwambie..." nikashindwa kumalizia, nikalia pale kama mtoto.

Suruali? Ah. Jiwe nililoiweka halikuonekana tena. Suti yangu ya kijivu, koti na viatu, vilikuwa vimeshaanza safari, na sasa nafikiri viko Nzoia vikielekea Ziwa Viktoria. Kwa hivyo nilipanda kile kilima nikiwa na shati la mafuta, tai, na leso ya mama mkwe kiunoni, na wanaume walikuwa ndio kwanza wanateremka, na nyuma yao tenti nzima ilikuwa imesimama kuangalia. Pasta alikuwa katikati ya sala, akishukuru kwa ajili ya macho ya dada yetu, na akawaomba watu wayafumbe ya kwao. Hakuna aliyefumba. Aliponiona hata yeye alinyamaza, na kipaza sauti kikatoa mlio. Nafula akatoka jikoni akaniona, akaona leso ya mama yake mwilini mwangu, akakaa chini palepale kwenye majivu.

Mkwe mwenzangu ndiye aliyevua koti akanifunika mabega, akanipeleka kwenye pikapu akanipa suruali yake ya kazi. Hakuuliza kitu. Nilikuwa nimemchukia asubuhi nzima yule mtu kwa sababu ya tangi, na tangu siku ile ni ndugu yangu.

Baba mkwe alipoelezwa nilikuwa natafuta nini, alinishika mkono ule mzima akanipeleka mpaka ukuta wa jikoni. "Angalia," akasema. Ukuta wote, uliosiribwa kwa mchanga wa mto, ulikuwa unameta juani. "Sisi tunapaka hii tangu babu. Ingekuwa dhahabu, si ningekuwa nakaa Nairobi?" Halafu akaniacha, kwa sababu akili yake haikuwa kwangu, ilikuwa kwa mke wake.

Na yangu pia. Asubuhi iliyofuata mama mkwe aliamka jicho la kulia limekuwa jekundu. Wakamrudisha hospitali. Mimi nilikuwa Kitale nauza viatu nisivyoviona, mkono umefungwa bendeji, na kila simu ilipolia nilimwacha mteja na kiatu kimoja mguuni. Watu sokoni walikuwa wameshasikia (habari ya aina hii haipandi gari, hutangulia) na walinitania mchana kutwa, wakaniita Profesa wa Matumbo, na mimi nilicheka nao, lakini usiku Nafula alinisikia nikilia. Aliniambia mara moja, "Usijali, ni mama yangu, nitamwona hata kama yeye hanioni." Sikujua mtu anaweza kukufariji na kukukata kwa maneno yale yale.

Jicho lilipona. Nasema tena kwa sababu napenda kulisema: jicho lilipona. Walilisafisha, wakampa dawa ya matone, uwekundu ukaisha. Nafula aliponiambia nilifunga kibanda mapema nikaenda kukaa nyuma ya kanisa peke yangu. Sikuomba kitu, nilikaa tu.

Wazee wakasema sasa ile heshima itengenezwe, maana mama na mkwe walishikana, na mkwe alivaa leso yake, hayo hayaachwi hivi hivi. Nikapeleka kondoo na blanketi. Mama mkwe akatoa kuku. Kukhu akatoa ushahidi wake mbele ya wazee, na alisema kweli yote pamoja na rangi, mzee mmoja akakohoa mpaka akatolewa nje. Halafu mkubwa wao akaeleza utaratibu: leo, hapa, mkisimama mbele yetu, mnaweza kuambiana neno moja kwa moja, kisha tunafunga, na mambo yanarudi yalivyokuwa.

Jamani, nilikuwa nimejitayarisha. Nilikuwa nimepanga maneno kuanzia Kitale, mazuri, yenye mistari ya Biblia. Nikasimama mbele ya yule mama, akainua macho yake yote mawili akanitazama usoni, safi kabisa, na maneno yote yakanitoka. Nilisema, "Mama." Basi. Nikasema tena, "Mama."

Akangoja. Alipoona sina lingine, akasema polepole, "Mimi nilimfikiria Nafula kwanza. Nikaona ati mtoto wangu atakuwa mjane kwa sababu ya jiwe. Harafu nikakufikiria wewe." Akakaza leso yake kiunoni. "Na wewe ni wangu."

Wazee wakafunga. Akageuka, akanipa mgongo, na tangu siku hiyo hajanisemesha tena, wala mimi yeye.

Sasa nimeacha. Mvua ikinyesha Kitale nafunika viatu vyangu kama wenzangu, na mwamba wowote wenye ufa nauzunguka kwa mbali, kilichomo ndani kikae na amani. Mahali pa kutia mkono nisipopaona sipataki tena, hata wakiniambia ni benki. Na tukienda Misikhu, nikimwona yule mama anakuja kwenye kile kijia chembamba cha kwenda kisimani, desturi inasema mmoja wetu aingie shambani mwenzake apite. Zamani nilikuwa namwachia yeye aingie, kwa uvivu tu. Siku hizi nakimbilia mimi, nasimama katikati ya mahindi na nguo zangu zote, kwenye matope, mpaka nisikie nyayo zake zimepita.